Alama C ya Pamela Price

Akubali kulala na mwalimu apate A, au akatae aone. Ndivyo Pamela Price, mwanafunzi mweusi wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, alivyodai kuambiwa. Akakataa, na matokeo yalipotoka akakuta C.

Sisi tungesema rushwa ya ngono, na Tanzania sheria ya rushwa ya 2007 inalitaja kosa hilo waziwazi. Mwaka 1977 Price na wenzake walikuwa na sheria ya elimu ya 1972 tu, inayokataza ubaguzi wa jinsia katika masomo yanayopata fedha za serikali kuu. Wakaishtaki Yale kwa sheria hiyo. Mahakama ikakubali kwamba kumdai mwanafunzi ngono ili apewe alama ni ubaguzi wa jinsia, lakini ikawaondoa wenzake wote. Akabaki yeye. Mwaka 1979 akashindwa, kwa kuwa jaji hakuamini kwamba tukio lilitokea. Rufaa ya 1980 nayo ikagonga mwamba. Hata hivyo, kufikia hapo Yale ilikwisha kuweka utaratibu wa kupokea malalamiko, kilio chao tangu mwanzo. Vitabuni kesi inaitwa Alexander dhidi ya Yale, kwa jina la mwenzake.

Hata kazini, wengi waliofungua kesi za mwanzo za aina hii Marekani walikuwa wanawake weusi: Diane Williams, Paulette Barnes, Mechelle Vinson. Lalamiko la kwanza la Barnes, mtumishi wa serikali, liliandikwa kuwa la ubaguzi wa rangi, kisha likabadilishwa kuwa la jinsia. Mgawanyo huo umo kwenye sheria zenyewe: ya Marekani ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi chuoni, ile ya 1972 inakataza ule wa jinsia, na sera nyingi za vyuo zimefuata mkondo huohuo: dawati hili la ngono, lile la ubaguzi. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliikosoa mwaka 1989 tabia hiyo ya kumgawa mtu, rangi kando na jinsia kando.

Hebu fikiria binti anayeambiwa na mhadhiri, “Ninyi wanawake wa kabila lenu najua mnachopenda.” Hiyo ni sentensi moja. Akifika ofisini anaulizwa: ni ngono au ni ukabila? Kwangu mimi swali hilo ni la kumrahisishia kazi karani. Fomu moja ingetosha, pamoja na jopo lenye mamlaka ya kusikiliza yote mawili. Vinginevyo, likishachaguliwa dawati, nusu ya yale maneno haiingii kwenye faili.