Mgeni Akitaka Kumpeleka Mtoto Ng'ambo: Sheria ya Kuasili Inasemaje?

Wageni wengi hufika Kitale kila mwaka. Wengine huja kujitolea katika makao ya watoto, wengine hutembelea makanisa na shule, na baadhi yao hufika hadi Kipsongo na mitaa mingine ambako maisha ni magumu. Mara nyingine mgeni humpenda mtoto, akawaambia wazazi au nyanya yake kwamba angetaka kumchukua aende naye kwao, amsomeshe na kumtunza. Kwa familia inayotafuta chakula cha jioni na karo ya muhula, maneno hayo huwa mazito.

Makala haya yanawaeleza wakazi sheria inasema nini kuhusu jambo hilo, na hatua za kuchukua kabla ya mtu yeyote kutia sahihi au kidole kwenye karatasi.

KUASILI SI KULELEWA KWA SHANGAZI

Katika jamii zetu, mtoto hulelewa na wengi. Anaweza kwenda kuishi kwa shangazi Bungoma, akasoma huko mpaka amalize darasa la mwisho, kisha akarudi nyumbani. Muda wote huo yeye bado ni mtoto wa wazazi wake. Jina lake halibadiliki, na shamba la baba yake bado linamhusu.

Kuasili ni jambo tofauti kabisa. Mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto huwa wa wazazi wapya kana kwamba wao ndio waliomzaa. Haki na wajibu wa wazazi wa kwanza hukoma. Hawana tena mamlaka ya kuamua atasoma wapi au ataishi wapi, na hawawezi kudai arudishwe akifikisha miaka 18. Mtoto atarithi kwa wazazi wapya.

Tofauti hii ndiyo iliyowaumiza wazazi wengi katika nchi mbalimbali. Mzazi alidhani anampeleka mtoto shuleni, kumbe karatasi zilisema amemtoa moja kwa moja.

Jirani zetu wa Uganda waliyaona hayo. Mwezi Agosti 2020, serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mumewe, ikiwahusisha na mpango wa kuwaasilisha watoto kwa njia ya udanganyifu. Kulingana na taarifa ya serikali hiyo, wazazi wa vijijini waliahidiwa kwamba watoto wao wangepelekwa Kampala kuendelea na masomo. Badala yake watoto waliwekwa katika makao yasiyo na leseni, na familia kutoka Marekani zikasafiri kwenda kuwaasili.

Nchini Chad, Oktoba 2007, shirika moja la Ufaransa lilizuiwa likiwa tayari kuwapandisha ndege watoto 103, likidai ni mayatima wa vita vya Darfur. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na mzazi aliye hai au mtu mzima waliyemwona kama mzazi wao.

JE, MGENI ANAWEZA KUMWASILI MTOTO WA KENYA?

Tarehe 27 Novemba 2014, Baraza la Mawaziri lilisimamisha uasili wa watoto wa Kenya na raia wa kigeni, kwa hofu ya ulanguzi wa watoto. Amri hiyo iliwahusu wageni wanaoishi ng'ambo na pia wale wanaoishi humu nchini. Kwa hiyo mgeni akikuambia kwamba anaweza kumwasili mtoto wako na kusafiri naye baada ya wiki chache, hilo peke yake ni sababu ya kupiga ripoti.

Kenya pia ni mwanachama wa Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu uasili wa kimataifa. Mkataba huo ulianza kutumika kwetu tarehe 1 Juni 2007. Kanuni zake ni rahisi kuelewa:

• Mtoto kwanza atafutiwe familia ndani ya nchi yake. Nchi ya nje huja mwisho.
• Idhini ya mzazi isinunuliwe kwa pesa wala kwa zawadi yoyote.
• Mama hawezi kutoa idhini kabla mtoto hajazaliwa.
• Wanaotaka kuasili wasikutane na wazazi wa mtoto kabla ya masharti muhimu kutimizwa, isipokuwa wakiwa ni jamaa au mamlaka husika imeruhusu. Mgeni hapaswi kuzunguka mtaani akijichagulia mtoto.

UMASKINI SI SABABU YA KUMTOA MTOTO

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila uamuzi unaomhusu. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Mkakati wa Kitaifa wa Marekebisho ya Malezi ya Watoto wa 2022–2032 nao unalenga kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha kwenye familia.

Mzazi aliyelemewa anastahili kusaidiwa ili aendelee kumlea mtoto wake. Misaada ipo, ingawa si kila anayeomba hupata mara moja. Mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu na ambazo zimesajiliwa. Maombi ya basari ya kaunti hupitia wadi yako. Vituo vya chekechea vya umma na vituo vya afya vya kaunti viko kwa ajili ya watoto wa wakazi wote, akiwemo yule anayeishi mtaa wa mabati.

Mgeni mwenye nia njema anaweza pia kumlipia mtoto karo akiwa kwao. Hahitaji kumwasili mtoto ndipo amsomeshe.

MKENYA AKITAKA KUASILI

Sheria haijawafungia Wakenya mlango. Wenzi wasiojaliwa watoto, au familia yenye nafasi, wanaweza kuasili kwa utaratibu huu:

1. Wapeleke ombi kwa shirika la kuasilisha watoto lililosajiliwa na Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto. Orodha ya mashirika hayo hupatikana kwa Baraza hilo.
2. Shirika huwatembelea nyumbani na kuandika ripoti kuhusu makazi, afya, mapato na mwenendo wao. Kwa kawaida mwombaji awe na umri wa kati ya miaka 25 na 65, na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21.
3. Mtoto naye huchunguzwa. Awe ametimiza angalau wiki sita, na shirika liwe limetoa cheti kwamba yuko huru kuasiliwa. Ikiwa aliokotwa, polisi lazima kwanza watafute jamaa zake.
4. Mtoto huishi na familia hiyo kwa miezi mitatu mfululizo hapa Kenya, huku ikifuatiliwa.
5. Kesi hufunguliwa Mahakama Kuu. Wakazi wa Trans Nzoia wana Mahakama Kuu ya Kitale, na wa Bungoma wana yao. Mahakama humteua mtu wa kusimamia maslahi ya mtoto, huzisoma ripoti, kisha huamua.
6. Amri ikitolewa, jina la mtoto huandikwa katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa na wazazi hupewa cheti.

Mtoto anayelelewa na nyanya au mjomba baada ya kufiwa si lazima aasiliwe. Jamaa anaweza kuomba mahakama imteue kuwa mlezi wa kisheria, na uhusiano wa mtoto na ukoo wake ukabaki.

KUVUKA MPAKA WA SUAM

Baadhi ya wakazi huuliza kama wanaweza kumwasili mtoto kutoka Uganda, hasa walio na jamaa upande wa pili. Huko Mkenya ni mgeni, na sheria ya Uganda iliyorekebishwa mwaka 2016 kwa kawaida humtaka mgeni awe ameishi nchini humo angalau mwaka mmoja na kumlea mtoto kwa mwaka mmoja chini ya uangalizi. Baada ya kuasiliwa na raia wa Kenya kwa njia halali, mtoto anaweza kuombewa uraia chini ya Kifungu cha 15 cha Katiba yetu. Kumvusha kimyakimya kwa bodaboda na kumtafutia cheti cha kuzaliwa upande huu ni kosa, hata kama nia ilikuwa njema.

Mkenya anayeishi ng'ambo na anayetaka kuasili nyumbani apate maelekezo ya Baraza la Kitaifa la Huduma za Watoto kabla ya kukata tiketi.

DALILI ZA HATARI

• Unaombwa utie sahihi kwenye karatasi usiyoweza kuisoma, au unakatazwa kumwonyesha mtu mwingine.
• Unapewa au kuahidiwa pesa, simu, nyumba au shamba kwa sababu ya mtoto.
• Unaambiwa hati ya kiapo ya wakili au barua ya chifu inatosha. Haitoshi. Ni amri ya mahakama pekee inayokamilisha kuasili.
• Makao yanakuzuia kumwona mtoto wako, au yanamwita yatima na wewe uko hai.
• Mtu anataka mtoto apigwe picha ya pasipoti haraka.

Chini ya Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010, anayemtoa au kumchukua mtoto kwa kuasili akiwa na lengo la ulanguzi anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miaka 30, kutozwa faini ya mamilioni ya shilingi, au vyote viwili.

UENDE WAPI?

Masuala ya kuasili yako chini ya serikali ya kitaifa. Serikali ya Kaunti haitoi kibali cha kuasili, na hakuna afisa wa kaunti, wa wadi au wa kijiji aliye na mamlaka ya kukiuza. Fika kwa afisa wa watoto katika ofisi ya Idara ya Huduma za Watoto ya kaunti ndogo yako, au umweleze chifu na kituo cha polisi kilicho karibu. Unaweza pia kupiga simu nambari 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto na haitozwi malipo.

Ikiwa tayari umetia sahihi na sasa una wasiwasi, usinyamaze kwa aibu. Chukua nakala ya karatasi kama unayo, pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto au kadi yake ya kliniki, uende mapema. Mtoto akiwa bado ndani ya Kenya, kumpata ni rahisi zaidi kuliko akishaondoka.