Unataka kufuga mbuzi Biashara Street? Soma hii kwanza

Maze, Idd ya kuchinja inakaribia na ushapata mbuzi kwa bei poa. Unampeleka wapi? Kwa paa, juu ya maduka ya leso Biashara Street? Tulia kwanza.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, iliipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama. Kwa hivyo landilodi kusema sawa haitoshi, waulize kaunti pia.

Halafu kuna Sheria ya Afya ya Umma, kifungu cha 118: banda likinuka ama likihatarisha afya, hiyo ni kero. Jirani akiripoti, afisa wa afya anakupa notisi uiondoe. Ukiipuuza, ni kortini.

So uliza kabla hujalipa, fagia kinyesi kila siku, na ongea na majirani mapema.