Gololi, Kikombe na Mikono ya Mchezaji

Katika masanduku ya mazingaombwe ambayo watoto wa nchi nyingi hununuliwa siku zao za kuzaliwa, kuna kifaa kimoja ambacho ni nadra kukosekana, nacho ni kikombe kidogo cha plastiki chenye mguu na kifuniko, kinachotosha kufichwa ndani ya ngumi ya mtu mzima, na ndani yake mna gololi moja ya rangi inayong'aa. Mchezaji hufunua kikombe, akaitoa gololi, akawapa watazamaji waishike, kisha akaitia mfukoni mwake na kukifunika kikombe kitupu mbele ya macho ya wote. Anapokifunua tena, gololi imekwisha kurudi. Hukifunika kwa mara nyingine, hukifunua, na safari hii kikombe ni kitupu, ilhali gololi inatolewa mfukoni ilimotiwa mwanzo. Mchezo wote hauchukui hata dakika mbili, na bei yake ni ndogo kiasi kwamba watu wazima wengi hukihesabu kifaa hiki kuwa takataka ya sikukuu, itakayopotea chini ya kitanda kabla ya mwezi kwisha. Dharau hiyo haikistahili, kwa kuwa kikombe hiki kina ukoo mrefu, na kinamdai mwenye kukimiliki kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa.

Mazingaombwe, kwa maana inayotumika hapa, ni sanaa ya kuwaonyesha watu jambo linaloonekana haliwezekani kwa kutumia wepesi wa mikono, vifaa vyenye siri na ujuzi wa namna macho na akili za watu zinavyofanya kazi, bila kudai msaada wa majini wala wa dawa. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki waliijua sanaa hii wakiwa shule ya msingi, pale mwanamazingaombwe msafiri alipofika na sanduku lake, akakusanya kiingilio kidogo na kuwaacha wanafunzi wakibishana kwa siku kadhaa kama walichokiona kilikuwa ufundi au uchawi. Ubishi huo si wa Waafrika peke yao. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot, bwana wa shamba kutoka Kent, alichapisha kitabu kiitwacho The Discoverie of Witchcraft, ambacho kusudi lake kuu lilikuwa kupinga mateso waliyofanyiwa wanawake walioshukiwa uchawi, na ndani yake akaeleza wazi jinsi wacheza kiinimacho wa wakati wake walivyozificha sarafu, vijitufe na visu, ili wasomaji waelewe kwamba jambo la ajabu linaweza kutendwa na vidole vya binadamu wa kawaida. Sanaa yenyewe ni kongwe zaidi ya hapo, kwani Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, alitaja katika barua zake mchezo wa vikombe na vijiwe, na akakiri kwamba uzuri wake umo katika kudanganywa, na kwamba ukishafunuliwa hautamaniki tena.

Vikombe vya aina hii vilitengenezwa kwa mbao kwa muda mrefu kabla ya kuwa vya plastiki. Mafundi wa kukereza, yaani wale wanaochonga mbao huku ikizunguka kwenye mashine, walivitengeneza kwa mbao ngumu, na katika karne ya 19 viwanda vya vichezeo vya Ujerumani viliviuza kwa wingi ndani ya masanduku ya mazingaombwe yaliyopelekwa katika nchi nyingi za Ulaya. Kikombe cha mbao kilichokerezwa vyema ni kizuri kukishika, lakini kina kasoro ambayo wachezaji wa kale waliijua vizuri: mbao huvimba msimu wa unyevunyevu, sehemu zake zikabana, na siri inayotakiwa kuachia bila sauti ikagoma kutoka. Plastiki haina tatizo hilo. Tangu miaka ya 1930, wakati mbinu ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma ilipoenea viwandani, iliwezekana kutoa maelfu ya vikombe vinavyofanana kabisa, kila sehemu ikiingia ndani ya nyingine bila kupwaya, kwa gharama ambayo mtoto mwenye akiba ndogo angeweza kuimudu.

Siri ya kikombe hiki imechapishwa mara nyingi mno katika vitabu vya watoto, kwa hiyo kuieleza hapa hakumnyang'anyi mtu riziki yake, na bila kuieleza ni vigumu kuona kazi ya mchezaji iko wapi. Kikombe kinaonekana kuwa na sehemu mbili, kitako na kifuniko, kumbe katikati yake kuna ya tatu, nayo ni gamba lenye umbo la nusu ya gololi na ukingo wa mviringo unaofanana na pambo la kawaida mahali kifuniko kinapokutana na kitako. Mchezaji akiinua kifuniko pamoja na ukingo huo, gamba huondoka likiwa limejificha ndani ya kifuniko, na mtazamaji huona kilichomo ndani ya kitako kwa kweli, iwe ni gololi au ni utupu. Akiinua kifuniko peke yake, gamba hubaki juu ya kitako, na mtazamaji, anayeona mgongo wa mviringo wenye rangi ya gololi, husadiki bila kuambiwa kwamba gololi nzima imo. Gololi halisi haikutoka mfukoni hata mara moja tangu ilipotiwa. Katika vikombe vilivyotengenezwa kwa uangalifu, upande wa ndani wa gamba hupewa rangi ya kikombe, ili hata mtoto aliyeketi chini sakafuni akitazama kifuniko kwa chini asione chochote cha kumshtua.

Maelezo hayo yanaisha katika aya moja, na hapo ndipo huzuni ya mnunuzi huanzia. Wauzaji wa vifaa vya mazingaombwe wanaifahamu vizuri huzuni hiyo, na kwa kawaida hawarudishi fedha za mteja aliyekwisha kufungua pakiti, kwa hoja kwamba alichonunua ni siri, na siri haiwezi kurudishwa dukani. Kampuni ya Tenyo ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1931 na mwanamazingaombwe aliyetumia jina la jukwaani la Tenyo, ilijijengea sifa kwa kuweka waonyeshaji nyuma ya kaunta za maduka makubwa, ambao kazi yao ilikuwa kufanya mchezo uleule mchana kutwa mbele ya wapita njia. Mteja aliyesimama hapo aliona kitu kikitoweka, akalipa, akafika nyumbani, akafungua pakiti, akakuta vipande vya plastiki na karatasi ya maelekezo. Alichokiona kaunta hakikuwamo ndani ya pakiti, kwa sababu kilikuwa mali ya mikono ya mwonyeshaji, iliyorudia mwendo mmoja mara nyingi kupita kiasi hata ukawa laini kama mtu anayesogeza kikombe cha chai. Walio wengi huishia hapo, wakahitimisha kwamba wamepunjwa. Wachache hurudia, na miongoni mwa hao ndimo wanamotoka wachezaji.

Inafaa kuongeza kwamba Tenyo haikuichukulia plastiki kuwa mbadala wa bei nafuu tu. Wabunifu wake, akiwamo Lubor Fiedler, mzaliwa wa Czechoslovakia aliyeishi Austria, waliitazama plastiki kuwa malighafi yenye tabia zake, inayoweza kuwa angavu au yenye giza, nyembamba bila kuvunjika, na sawasawa kwa kipimo kisichofikiwa na mbao, wakabuni michezo ambayo isingewezekana kwa kitu kingine chochote. Leo kuna watu wazima, wakiwamo wanamazingaombwe wa kulipwa, wanaokusanya vifaa hivyo vikiwa na visanduku na karatasi zake za maelekezo, na kitabu kikubwa cha majuzuu kiitwacho Tenyoism, kilichoandikwa na Mmarekani Richard Kaufman, kiliandikwa kwa ajili ya historia ya kampuni hiyo moja. Huko Marekani, Samuel Sorensen Adams, mhamiaji kutoka Denmark, alianza mwaka 1906 kwa kuuza unga wa kuwapigisha watu chafya, na kampuni yake ya New Jersey ikaja kujaza maduka na vifaa vidogo vya mazingaombwe, kikombe na gololi vikiwamo.

Sasa yafaa kurudi kwenye mikono. Mchezaji wa kikombe ana matatizo matatu ambayo karatasi ya maelekezo huyapita kwa sentensi moja moja. La kwanza ni kwamba vidole vyake lazima viinue kifuniko kwa namna ileile kila mara, iwe anachukua gamba au analiacha, kwa maana mtazamaji asiyejua siri hata kidogo hugundua kwamba safari hii kidole gumba kimeshuka chini kuliko safari iliyopita. La pili ni sauti: gamba la plastiki linapoachia kitako hutoa mlio mdogo mkavu, na mchezaji mzoefu huufunika kwa neno analolitamka wakati huohuo, jambo linaloonyesha kwamba maneno ya mchezo si mapambo, bali ni sehemu ya kifaa. La tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, ni kwamba gamba halina budi kuonekana kwa kitambo kinachotosha kusadikiwa na kisichotosha kuchunguzwa, na kipimo cha kitambo hicho hakiandikiki. Hupatikana kwa kucheza mbele ya watu halisi na kuzisoma nyuso zao.

Namna macho ya watazamaji yanavyoongozwa imefanyiwa utafiti. Mwaka 2006 Gustav Kuhn na Michael Land walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ndani yake mchezaji alirusha mpira juu mara mbili, na mara ya tatu akajifanya anarusha huku mpira umebaki kiganjani. Mchezaji alipoinua macho kana kwamba anaufuata mpira, asilimia 68 ya watazamaji walisema waliuona ukiruka juu na kupotea, lakini alipouangalia mkono wake mwenyewe, idadi ya waliodanganyika ilishuka hadi asilimia 32. Mpira haukuruka, na bado watu walio wengi waliuona ukiruka, kwa kuwa uso wa mchezaji uliwaambia watazame wapi. Mtoto mwenye kikombe cha plastiki anaweza kuithibitisha kanuni hiyo sebuleni kwao: akikitazama kikombe kwa mshangao wa kweli anapokifunua, baba yake ataona gololi, akiuchungulia mfuko wake kwa wasiwasi, baba yake naye atauangalia mfuko.

Ndiyo maana kifaa duni kimekuwa mlango wa watu wakubwa. Mchekeshaji Tommy Cooper, aliyependwa sana na Waingereza kwa mazingaombwe yaliyoharibika kwa makusudi jukwaani, alipewa sanduku la mazingaombwe na shangazi yake akiwa na umri wa miaka 8. Alfred Carlton Gilbert, Mmarekani aliyepata medali ya dhahabu ya kuruka kwa upondo katika Olimpiki ya mwaka 1908, alijilipia sehemu ya masomo yake Yale kwa kucheza mazingaombwe, akaanzisha kampuni ya kutengeneza masanduku ya mazingaombwe, na ni baadaye tu ndipo alipobuni Erector, kile kichezeo cha kujengea mitambo kwa vyuma na skrubu kilichomletea umaarufu.

Faida nyingine haina uhusiano wowote na umaarufu. Mwaka 1982 mwanamazingaombwe David Copperfield alianzisha Project Magic, mpango wa kutumia michezo midogo ya mazingaombwe kuwasaidia wagonjwa kurudisha uwezo wa mikono yao, na huko London mpango uitwao Breathe Magic huwafundisha mazingaombwe watoto waliopooza upande mmoja wa mwili, ili wautumie mkono dhaifu pamoja na ule wenye nguvu. Mtoto anayechoshwa na zoezi la kufungua na kufunga kifuniko kwa amri ya tabibu atalifanya zoezi hilohilo kwa hiari yake ikiwa mwisho wake ni kumshangaza mama yake, tena atakuwa na jambo ambalo yeye analiweza na wenzake wenye mikono miwili imara hawaliwezi.

Kasoro za vifaa hivi zipo, na mnunuzi hana budi kuzijua. Vikombe vingi vya bei ya chini kabisa vina gamba ambalo rangi yake haifanani na gololi, au vina mshono wa kalibu unaokatiza juu ya gamba na kuisema siri yote chini ya taa kali. Masanduku makubwa yanayojisifu kwa michezo 100 au zaidi huifikia idadi hiyo kwa kuhesabu mafumbo ya karatasi na namna mbalimbali za kutumia kifaa kimoja, na mara nyingi humchosha mtoto kabla hajauweza mchezo hata mmoja. Mzazi anayekusudia kununua na achague kifaa kimoja kilichotengenezwa vizuri, ahakikishe karatasi ya maelekezo iko katika lugha ambayo mtoto anaisoma, au amtafsirie yeye mwenyewe, kisha ampe muda wa kujizoeza akiwa peke yake mbele ya kioo. Siku mtoto atakaposema yuko tayari, na apewe watazamaji walioketi na kunyamaza, wasiomrukia na kukinyakua kikombe kabla hajamaliza.