Je, Wajua? Wimbo Mmoja, Rekodi Mbili

Je, wajua kwamba "Malaika" ya mwanamuziki wa Kenya, Fadhili William, si rekodi moja? Aliurekodi wimbo huo kwanza mwaka 1960 akiwa na bendi ya Jambo Boys, kisha akaurudia mwaka 1963 katika studio ya Equator jijini Nairobi. Na wazee wa mitaa ya Kaloleni na Jericho, jijini humo, waliozitunza santuri zao wanajua kwamba kurudia kuimba si kunakili.

Hali kadhalika bendi za dansi za Tanzania, zilizojiita "jazz" ilhali midundo yao ilikuwa ya rumba: kwa kuwa nchi hiyo haikuwa na kiwanda cha santuri, zilinaswa kwenye tepu za Redio Tanzania, na zikasafiri hadi Nairobi kurekodi santuri za kuuzwa. Sahani ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba takriban dakika nne kila upande, hivyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji akalazimika kuigeuza sahani pale hasa magitaa yalipoanza kunoga, hasara ambayo kwangu haina fidia. Tena, rekodi ile ile iliweza kutolewa upya: alipofariki mwanamuziki wa Tanzania, Mbaraka Mwinshehe, Januari 1979, nyimbo zake zilitolewa upya katika mfululizo wa "Ukumbusho".

Basi, msomaji, kabla hujaitupa santuri ya marehemu babu yako, iinamishe penye mwanga usome nambari iliyochorwa baina ya mfereji wa mwisho na lebo: lebo huchapishwa upya, lakini nambari ile hutambulisha bamba lililoizaa sahani.