Bastola na Bunduki Kula Risasi Moja: Ni Akili ya Porini Ama ni Stori za Muvi?

Hii sini umeiona mara mia. Muvi ya makauboi, DJ Afro anakupigia stori, steringi amepanda farasi, bunduki ndefu iko kwa tandiko na mguu wa kuku uko kiunoni. Anapiga na bunduki, anahamia bastola, anarudi kwa bunduki, na haishi risasi. Wewe unashangilia tu. Lakini kuna swali labda hujawahi jiuliza: kwa ule mshipi wake, amepanga risasi za bunduki ama za bastola?

Kumbe kuna makauboi wa ukweli walibeba risasi aina moja tu, na ilikuwa inaingia kotekote. Hiyo haikuwa uchawi wa muvi. Ilikuwa hesabu, na mpaka wa leo wasee wa Marekani wanaojipanga kwa siku mbaya bado wanaibishania: ukibaki porini na bastola moja na bunduki moja, zikule risasi moja ama kila moja iwe na zake?

Kama wewe ni wa PUBG, hii stori unaijua bila kujua. Ukiokota Tommy Gun na P1911, zote zinakula .45, begi yako iko poa. Ukibeba AKM na P92, lazima utafute 7.62 na 9mm, na kila saa ile imekuishia ndiyo huioni. Sasa toa mambo ya kurudi lobby ukikufa, weka njaa na baridi ya ukweli. Hapo ndipo tuko.

Ilianza 1873

Huo mwaka kampuni ya Winchester ilitoa bunduki ya Model 1873, ile ya kukoki na mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Ilikula risasi inaitwa .44-40. Usiogope hizo namba. 44 inakuonyesha unene wa risasi, kama 0.44 ya inchi, na 40 ni kipimo cha baruti ndani, grein 40, kama gramu 2.6 hivi.

Mwaka huo huo jeshi la Marekani likachukua bastola mpya ya Colt, Single Action Army. Shida ni moja tu: hiyo ya jeshi ilikula .45 Colt. Kwa macho zinakaa mapacha, lakini ukijaribu kubadilishana, imekula kwako. Kwa hivyo msee mwenye silaha mbili kali zaidi za wakati wake alikuwa anabeba mifuko miwili, na usiku gizani anapapasa akijaribu kujua ameshika gani.

Colt waliona hiyo ngori. Kufikia 1878 walikuwa wanauza bastola inayokula .44-40, na kwa mtutu wameiandika Colt Frontier Six Shooter. Sasa mtu anayeishi mbali, duka likiwa siku kadhaa kwa farasi, alinunua boksi aina moja, akajaza mshipi mmoja, na yoyote aliyoshika mkononi ilikuwa na chakula. Winchester nao waliuza zaidi ya Model 1873 700,000 kabla ya kufunga hiyo laini.

Kuona kukosa kufanana kunakaaje, enda Little Bighorn, Montana, 25 Juni 1876. Askari wa Custer walikuwa na bunduki fupi za Springfield, zile za kupiga risasi moja kisha unaweka ingine, na bastola za Colt .45. Kila mmoja alipewa kama risasi 100 za bunduki na 24 za bastola. Zile 24 zikiisha, 100 zilizobaki haziwezi saidia bastola hata kidogo. Upande ule mwingine, kati ya Walakota na Wacheyenne, kulikuwa na wasee wenye Henry na Winchester za kupiga mfululizo. Tunajua juu moto ulichoma nyasi za hapo 1983, na waliochimba baadaye wakaokota maganda.

Tusidanganyane: Custer hakumalizwa na risasi kutofanana. Alizidiwa watu, na alikuwa ameingia kwa ardhi ya wenyewe. Winchester baadaye ilitangazwa kama bunduki iliyoshinda Magharibi. Tangazo halikusema ilimshinda nani.

Leo wanaoanisha nini na nini?

Hizi ndizo ndoa zinaongelewa sana huko Marekani:

1. .357 Magnum. Hii ndiyo mrithi wa makauboi. Risasi ilitoka 1935, na unapata rivolva na bunduki ya kukoki chini zote zikiikula. Utamu wake uko mara mbili. Kwanza, silaha ya .357 inakula pia .38 Special, ambayo ni pole na haipigi teke sana. Usijaribu kugeuza: .357 ilifanywa ndefu makusudi ndiyo isiingie kwa bastola za zamani za .38, juu ingezipasua. Pili, kwa mtutu mrefu wa bunduki baruti inapata muda wa kusukuma. Risasi ile ile inayotoka kwa rivolva kama mita 380 kwa sekunde inaweza kufika kama 550 kwa bunduki. Hapo umepata nguvu zaidi bila kununua risasi ingine.

2. 9mm. Hapa ni bastola kama Glock na bunduki fupi kama Ruger PC Carbine ama Kel-Tec SUB-2000. Hizi zinaweza kutumia hadi magazini za Glock, kwa hivyo unachomoa kwa bastola unachomeka kwa bunduki. Lakini mtutu mrefu hauiongezei 9mm mbio sana. Baruti yake ni kidogo, inachomeka yote mapema, na baada ya hapo mtutu ni chuma tu. Kile unapata ni kulenga vizuri, juu bunduki unaikaza begani.

3. .22. Ndogo, haina kelele nyingi, bei yake iko chini. Risasi 500 hazifiki kilo 2, kwa hivyo unaweza kutembea nazo siku nzima. Kwa sungura na ndege inatosha. Kwa dubu, hiyo ni kumwamsha tu.

4. .44 Magnum. Ilitoka 1955 na ni ya wasee wa msitu wenye dubu. Ni nzito, inapiga teke kama punda, na bila mazoezi utaogopa bastola yako kuliko dubu anavyokuogopa wewe.

Sasa sikia bei yake

Kufanana hakuji bure. Risasi ikiwa inaingia kwa bastola, lazima iwe fupi na baruti kidogo, juu mkono wa binadamu uko na mwisho wake. Kwa hivyo bunduki yako inakubali kuwa bastola ndefu. Bunduki ya kuwinda ya .30-06, kwa mkono unaojua, inaangusha swara wa kule akiwa mita 300. Ile ya .357 ukipita mita 100 na kidogo, risasi imeanza kuchoka na kushuka.

Kwa msitu mnene ambapo huoni mbele ya mita 50, hiyo si hasara. Kwa uwanda ulio wazi, ni kulala njaa ukimwangalia mnyama kwa macho. Ndiyo maana wawindaji wengi huko hawajali kufanana: bunduki ni ya nyama, bastola ni ya dharura, na risasi chache za bastola hazina uzito wa kukuvunja mgongo.

Kuna mtego mwingine. 2020, corona ilipoingia, Wamarekani walinunua risasi kama vile sisi tulivyokimbilia sanitaiza. Rafu zikabaki tupu, na 9mm, ile kila mtu alisema haiwezi kosekana, ikawa kati ya zile ngumu kupata. Kama bunduki na bastola zako zote ni za 9mm, umebaki na vyuma viwili vya kuzuia mlango. Aliyekuwa na aina mbili angalau moja ilikuwa inaongea.

Kwa hivyo swali halikuwahi kuwa gani kali. Ni: duka liko mbali aje, unatembea ama uko na gari, na unaona mbele mita ngapi? Kauboi wa 1878 alijibu hayo matatu, ndiyo akafika kwa .44-40. Kumuiga bila kujibu ni kuvaa kofia tu.

Lakini cheki orodha ya Alaska

Alaska ndiko kwenye dubu, barafu, na ndege ndogo zinazotua mahali hakuna barabara. Sheria ya jimbo imewahi kuorodhesha vitu rubani lazima abebe ndiyo watu waishi ndege ikianguka: chakula cha wiki moja kwa kila mtu, shoka, dawa za huduma ya kwanza, ndoano na nyuzi za kuvua, kisu, kitu cha kuwasha moto, neti ya kichwa ya kuzuia mbu, na vitu viwili vya kuita usaidizi. Baridi ikifika waliongeza blanketi, begi ya kulalia na viatu vya theluji.

Bunduki ilikuwa kwa hiyo orodha zamani. Waliitoa. Neti ya mbu ikabaki.

Hiyo ndiyo sehemu muvi haikuonyeshi. Baridi ya usiku mmoja inaweza kukumaliza kabla hujaona mnyama wa kupiga, na kiu haingoji ukoki.

Na wewe wa Kayole?

Kwetu hii ni elimu, si orodha ya kununua. Kenya raia hana haki ya kuzaliwa nayo ya kumiliki bunduki. Unaomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha, unachunguzwa, unaeleza sababu, na wanaweza kukunyima. Kushikwa nayo bila cheti ni jela, na "nilikuwa naishikia beshte" haijawahi kuwa cheti.

Lakini kuna wasee wetu wengi Marekani, na hapa ndipo mtu huchomeka bila kujua. Kama uko huko na visa ya muda, iwe ya shule, ya kutembea ama hata ya kazi, sheria ya serikali kuu inakukataza kuwa na bunduki ama risasi, isipokuwa vichache kama leseni halali ya kuwinda kutoka kwa jimbo. Haijalishi jirani yako wa Texas ako na kumi. Wenye green card hawaguswi na hiyo marufuku. Wewe wa visa, ile picha unapiga ukiwa umekumbatia bunduki ya beshte ndiyo uweke Insta, inaweza kugeuka kesi kubwa, na baada ya kesi ni ndege ya kurudi nyumbani.

Kwa hivyo kama uko na ndugu ama binamu huko, mtumie hii kabla hajaalikwa wikendi ya kulenga makopo.

Na wewe ukirudi kwa muvi leo usiku, cheki mshipi wa steringi. Sasa unajua cha kuuliza.