Kumbukumbu ya Seva Ndogo: Pima Kwanza, Punguza Baadaye

Wakulima wa mpunga wa Mpanda wanafahamu vema kwamba ghala halipanuki kwa sababu mavuno yamekuwa mengi. Mwenye busara huhesabu magunia kwanza, kisha huamua yapi yakae na yapi yaondoke. Kumbukumbu ya seva nayo ni ghala: humo programu huweka data zake wakati inapofanya kazi.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya mkoani Katavi chenye seva moja ya gigabaiti 1. Programu zikihitaji zaidi ya hapo, seva huanza kuhamishia data kwenye diski, na kazi huzorota. Hali ikizidi, mfumo wa Linux huua mchakato mmoja ili kuiokoa mingine. Aghalabu huuawa ule mkubwa, nao huweza kuwa ndio unaotunza daftari la wagonjwa. Kuagiza vifaa kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000, kunataka fedha na subira. Kupima hakugharimu kitu.

Hata hivyo, upimaji una mitego miwili. Kwanza, amri ya free huonyesha kwamba nafasi tupu ni ndogo mno. Hilo peke yake si dalili ya hatari, kwa maana Linux huhifadhi katika nafasi hiyo nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huziondoa programu inapohitaji mahali. Safu ya kutazamwa ni ile ya available.

Pili, michakato ya programu moja hushirikiana sehemu ya kumbukumbu. Tuseme ipo 10, kila mmoja ukionyesha megabaiti 90, na kati ya hizo 60 ni za shirika. Mwenye kujumlisha ovyo atapata 900. Hesabu ya kweli ni 60, na 30 mara 10, yaani 360. Tangu mwaka 2008 Linux hutoa kipimo kiitwacho Pss, ambacho huigawa sehemu ya shirika kwa wote wanaoitumia. Hivyo, kupunguza michakato hadi 4 kutaokoa megabaiti 180, wala si 540.

Akiba kubwa zaidi hupatikana katika namna ya kusoma data. Taarifa 100,000 za kilobaiti 2 kila moja, zikipakiwa zote pamoja, hula takriban megabaiti 200. Zikisomwa moja moja, zatosha kilobaiti chache.

Hapana budi kubadili jambo moja tu kwa wakati, kisha kupima tena. Asiyefanya hivyo hatajua ni gunia lipi lililokuwa limejaza ghala.