Usiudharau mpira wa vakyumu

Gari lenye tabo likikosa nguvu kwenye mlima wa kutoka Karatu kwenda lango la Lodoare, wengi wetu hulaumu mafuta, kisha tabo yenyewe. Mara nyingi mchawi ni mpira mwembamba uliopasuka. Leo nataka tuizungumzie mipira hiyo, maana mmojawapo hubeba breki zako utakapoteremka kreta ya Ngorongoro.

Injini ya petroli, ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, hufyonza hewa kwa nguvu. Mfyonzo huo mafundi huuita vakyumu. Mpira mmoja huupeleka kwenye busta, chombo kinachofanya pedali ya breki iwe nyepesi. Dizeli haina mfyonzo wa kutosha, hivyo huwekewa pampu yake ya vakyumu.

Kwenye gari la petroli lenye tabo kuna jambo la ziada. Ukikanyaga mafuta, tabo husukuma hewa ndani, na mpira uliokuwa ukifyonzwa sasa unapulizwa. Mpira uliochoka hapo hupasuka au huchomoka. Kwa hiyo mpira wa busta una vali ya njia moja, inayoruhusu hewa kutoka kwenye busta kwenda kwenye injini tu. Fundi akiifunga kinyume, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Mpira mwingine huongoza kilango kinachoizuia tabo isisukume kupita kiasi; ukitoboka, injini inaweza kuharibika kabisa.

Sasa tazama mahali penyewe. Ukingo wa kreta uko takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mkandamizo wa hewa hapo ni kama robo tatu ya ule wa Dar es Salaam. Busta hufanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu, hivyo hata ikiwa nzima, msaada wake umepungua. Mbele yako kuna mteremko wa Seneto, na chini ya kreta ni kama mita 600. Si mahali pa kugundua kwamba mpira unavuja.

Ukitaka kuipanga mipira, usiing'oe yote kwa pamoja. Chora kwanza inakotoka na inakokwenda, au fuata mchoro uliobandikwa chini ya boneti, kama upo. Badilisha mmoja mmoja, kwa upana uleule wa tundu, na ufunge vibano. Asikudanganye mtu kwamba kuziba mpira kwa boliti ni matengenezo.

Breki zipime hivi. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu. Iendelee kukanyagwa, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo, vakyumu inafika. Isipozama, usiondoke Karatu kabla fundi hajaona.

Na wale wanaozima injini mteremkoni kubana mafuta, wajue kwamba busta hubaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu. Teremka kwa gia namba moja au mbili, injini ikiwaka. Bei ya mpira ni ndogo. Roho haina spea.

Hadi wiki ijayo, safari njema.